Kasimov: Mji wa Mto Oka na Barua za Ebi



Mhariri wetu amenitaka, tena si mara moja, niandike juu ya miaka niliyokaa Urusi nikisoma, zama hizo nchi ikiitwa Muungano wa Kisovieti. Nimekuwa nikimkimbia. Habari za mabweni, baridi na supu ya kabichi zimeshasimuliwa na wenzangu wengi, na kila aliyesoma huko anazo zake, nyengine za kweli na nyengine zimetiwa chumvi kidogo. Leo nimeona nimlipe deni lake kwa kukuelezeni habari za mji mmoja mdogo, ambao huenda hamjapata kulisikia jina lake. Unaitwa Kasimov. Na deni ninalolitaja si la mhariri peke yake, kama mtakavyoona.

Mji huu umo katika jimbo la Ryazan, mwendo wa siku moja kutoka Moscow kwa upande wa mashariki na kusini. Umekaa juu ya ukingo wa kushoto wa mto Oka, mto mpana, mzito, wa rangi ya chai iliyokaa, unaokwenda taratibu kuungana na Volga huko Nizhny Novgorod. Nilifika huko katika majira ya kiangazi ya mwaka 1983. Nilikuwa na rafiki tuliyesoma darasa moja, Mtatari, ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa akiishi Kasimov. Siku hizo mwanafunzi mgeni hakuwa na ruhusa ya kutoka Moscow apendavyo. Ilibidi niombe karatasi, ningoje, niulizwe nakwenda kufanya nini, nijibu nakwenda kumwamkia bibi wa rafiki yangu, na nitazamwe kwa muda mrefu na bwana aliyekuwa hajaamini kwamba mtu anaweza kufunga safari kwa ajili hiyo. Mwisho karatasi ilitoka. Tulipanda treni hadi Ryazan, na kutoka hapo tukashuka na mto kwa boti ya abiria.

Safari ya boti ilikuwa ndefu na sikuichukia hata dakika moja. Misitu kwa upande mmoja, mabonde ya majani kwa upande wa pili, ng'ombe wamesimama majini. Kwa mtu wa Unguja aliyekuwa amekaa miaka mitatu mbali na maji, ilikuwa kama kupewa pumzi. Alasiri rafiki yangu akanishika bega, akanionyesha mbele, juu ya ukingo. Kati ya paa za nyumba na miti kulisimama mnara mnene wa mawe meupe, mviringo, wa daraja mbili, ya juu nyembamba kuliko ya chini. Nilidhani ni ngome. Akacheka. "Hapana," akasema, "ule ni wa adhana."

Naam, mnara wa msikiti, katikati ya Urusi, mahala ambapo pande zote nilikuwa nimezoea kuona makuba ya makanisa. Na si mnara wa juzi. Wenyeji wanasema umejengwa katika zama za Kasim mwenyewe, yaani karne ya 15. Wako wanaousogeza mbele hadi karne ya 16. Kwa vyovyote vile, ulikuwa umesimama pale kabla ya St Petersburg kuwa mji.

Kasim huyo ni nani? Hapa naomba mnivumilie, maana mwalimu hata akistaafu haachi ubao.

Mwaka 1445 Vasily wa Pili, mtawala mkuu wa Moscow, alishindwa vitani karibu na Suzdal na jeshi la Watatari lililoongozwa na wana wa Khani Ulugh Muhammad. Alitekwa, akaachiliwa kwa ahadi ya fidia kubwa. Miaka michache baadaye, katika mwaka unaotajwa sana kuwa 1452, mtawala huyo alimpa Kasim, mtoto wa Ulugh Muhammad, mji mdogo wa mpakani uliokuwa ukiitwa Gorodets. Hadithi za mji zinasema uliasisiwa mwaka 1152. Kasim alikuwa amegombana na ndugu yake aliyeshika Kazan, akaingia katika utumishi wa Moscow pamoja na wapanda farasi wake. Wanahistoria wamebishana tangu zamani: je, mji ule ulikuwa zawadi kwa mtumishi mwaminifu, au sehemu ya fidia ambayo Warusi waliona aibu kuitaja kwa jina lake? Mimi naona lilikuwa yote mawili. Mwenye kutoa alisema ni zawadi, na mwenye kupokea alihesabu kuwa ni haki yake, na kwa kuwa kila mmoja aliridhika na neno lake, mambo yakaenda kwa zaidi ya miaka mia mbili. Hata katika wasia wa Ivan wa Tatu, wa mwaka 1504, umo wajibu wa warithi wake kutoa fedha kwa ajili ya "mji wa mwana wa mfalme", yaani Kasimov. Kwa hiyo yule tunayemdhania kuwa mtumishi alikuwa bado analipwa kitu kinachofanana sana na kodi.

Utawala wa mji ule ulikuwa wa namna ya pekee. Mfalme wa Kasimov alikuwa Mwislamu, wa ukoo wa Genghis Khan, na Warusi walimwita kwa cheo kile kile cha "tsar" ambacho baadaye walijivika wenyewe. Lakini hakuchaguliwa na watu wake wala hakurithi moja kwa moja. Moscow ndiyo iliyomweka, na ikipenda ilimtoa huku na kumleta wa huku: mara wa nasaba ya Kazan, mara wa Crimea, mara wa Astrakhan, mara Mkazakhi, mara wa Siberia. Chini yake walikuwepo mabeki wa koo nne kubwa, nazo ni Arghyn, Kipchak, Jalair na Manghit. Alipotawazwa Uraz Muhammad mwaka 1600, katika utawala wa Boris Godunov, mabeki wale walishika pembe nne za busati la sufi wakamnyanyua mfalme wao juu, baada ya khutba kusomwa msikitini. Tunayajua haya kwa sababu Kadir Ali Bek, wa ukoo wa Jalair, alikuwepo, na mwaka 1602 akayaandika katika tarikh yake, kwa Kituruki cha zama hizo na kwa herufi za Kiarabu. Kitabu kiliandikwa katika mji ule mdogo wa mtoni! Miaka minane baadaye Uraz Muhammad aliuawa katika fitina za wale waliojidai kuwa wafalme wa Urusi. Busati halikumlinda.

Katika wafalme wale, wawili wamenikaa kichwani zaidi. Wa kwanza ni Shah Ali. Alitawala Kasimov kwa vipindi, na mara tatu Moscow ilimpeleka kuketi kwenye kiti cha Kazan, mara ya kwanza akiwa kijana mdogo mno, na mara zote tatu hakukaa. Watu wa Kazan hawakumtaka. Walimwona mtu wa Moscow. Na mwaka 1552, Ivan wa Nne alipoiteka Kazan, Shah Ali na Watatari wa Kasimov walikuwa upande wa Ivan. Sitaki kulipamba jambo hili. Waislamu walikwenda kuuzingira mji wa Waislamu, chini ya bendera ya mfalme Mkristo, na wengi waliokufa mle ndani walikuwa jamaa zao. Rafiki yangu alinieleza habari hii akitazama mtoni, kama mtu anayetaja deni la babu yake. Shah Ali alikufa mwaka 1567, na kaburi lake tutalifikia sasa hivi.

Wa pili ni Sain Bulat. Huyu alibatizwa mwaka 1573 akaitwa Simeon, na mwaka 1575 Ivan wa Nne, yule wanayemwita Mkali, alifanya jambo ambalo mpaka leo halina maelezo yaliyowaridhisha watu wote. Aliacha kiti chake, akamweka Simeon kuwa Mtawala Mkuu wa Urusi nzima, naye mwenyewe akawa anamwandikia maombi ya unyenyekevu kama raia wa kawaida. Mchezo huo uliendelea kwa muda wa takriban mwaka mmoja. Kisha Ivan akarudi kitini na Simeon akapewa Tver. Mtoto wa Kasimov, mjukuu wa makhani, aliketi juu ya Urusi kwa jina tu, na uzeeni alikuwa kipofu na mtawa. Alikufa mwaka 1616.

Baada ya Kazan na Astrakhan kutekwa, Moscow haikuwa tena na haja ya mfalme wa Kiislamu mpakani, maana mpaka wenyewe ulikuwa umesogea mbali. Hawakumfukuza, walimpunguza kidogo kidogo. Mjini akawekwa liwali wa Kirusi. Warusi wa mji wakawa chini ya liwali, Watatari wakabaki chini ya mfalme, na miongoni mwa kazi za liwali ilikuwa kuangalia mfalme anatembelewa na nani na anaandikiana na nani. Sayyid Burhan, mfalme wa mwisho wa kiume, alibatizwa mwaka 1653 akaitwa Vasily, na hata hivyo akaachwa na cheo chake. Alipokufa, aliyeshika mahala pake ni mama yake, Fatima Sultan, bibi kizee ambaye hakuiacha dini yake. Naye alipoondoka duniani, mwaka 1681, ufalme ulifutwa kimya kimya, bila ya vita wala tangazo kubwa. (Sisi Unguja nasi, mwishoni mwa karne hiyo hiyo, tulikuwa na Malkia Fatuma wetu. Nilipomtajia rafiki yangu, alidhani namtania.)

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa ni habari ya afisi na amri, na amri zote hufanana. Mwaka 1713 Petro wa Kwanza aliamuru wamiliki wa ardhi Waislamu waliokuwa na wakulima Wakristo wabatizwe katika muda wa nusu mwaka, au wanyang'anywe. Walio wengi katika mabwana wa Kitatari walichagua kunyang'anywa, wakageukia biashara. Inasemekana msikiti wa kale ulibomolewa kwa amri ya mfalme huyo huyo, na wenyeji wanayo hadithi kwamba Petro alipita mtoni kwa jahazi, akauona mnara kwa mbali akidhani ni kanisa, akafanya ishara ya msalaba, na alipoambiwa ukweli alitahayari akataka mizinga. Ni hadithi tu, lakini ni hadithi nzuri. Katika utawala wa Catherine wa Pili mambo yalilegea. Msikiti ulijengwa upya mwaka 1768 pembeni mwa mnara ule ule. Ghorofa ya pili iliongezwa mwaka 1835. Mwaka 1778 Kasimov ukafanywa mji mkuu wa wilaya katika jimbo la Ryazan, na mwaka uliofuata ukapewa nembo yake: kiunzi cha jahazi na vifaa vya kuundia, kwani kutoka hapo zilipelekwa mbao za kuundia merikebu. Mwaka 1788 serikali iliunda baraza la Waislamu huko Ufa, lenye mufti wake, na tangu hapo imamu wa Kasimov alikuwa mtu mwenye cheti, na baadaye pia mwenye kuandika daftari la ndoa, vizazi na vifo kama karani yeyote. Sijui kama babu zetu wangelipenda jambo hilo, lakini daftari zile ndizo zinazowawezesha Watatari wengi leo kujua walitoka wapi.

Moto wa mwaka 1828 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, ukajengwa tena chini ya macho ya Ivan Gagin, mhandisi wa papo hapo, ambaye aliweka nguzo za Kigiriki mbele ya maduka ya nafaka na chumvi. Matajiri wa Kitatari walifanya biashara ya ngozi na manyoya. Na maskini wao? Walihama. Watatari wa Kasimov walijulikana St Petersburg na Moscow kwa kazi moja hasa, kazi ya kuhudumia mezani katika mikahawa mikubwa. Walipendwa kwa kuwa hawanywi. Mwanamume alikwenda mji mkuu, akavaa koti jeupe, akatuma fedha nyumbani, na mkewe akabaki Kasimov na watoto akihesabu miezi. Nadhani wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa nirudi kwa bibi. Kwa Kitatari bibi huitwa "ebi", na mimi nikamwita hivyo hivyo, naye akaniita "ulim", mwanangu. Alizaliwa mwaka 1914. Alikuwa mfupi, amejifunga kitambaa cheupe, mikono yake imejaa makovu madogo madogo, maana alifanya kazi zaidi ya miaka thelathini katika kiwanda cha kufuma nyavu. Nilipomwambia kwamba nimekulia baina ya wavuvi, alileta kipande cha uzi, akafunga fundo, akanipa nifungue. Nililifungua. Nadhani ni hapo ndipo aliponikubali.

Siku ya pili rafiki yangu alinichukua kwenda kuuona msikiti. Wakati huo ulikuwa makumbusho. Palipokuwa pakisaliwa pamewekwa makabati ya vioo. Karibu yake liko jengo dogo la mawe ya mraba, nalo ndilo kaburi la Shah Ali, alilojijengea mwenyewe mwaka 1555. Ukutani mna ubao wa jiwe wenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa. Nikasogea, nikaanza kuyasoma taratibu kwa sauti, kama tulivyofundishwa chuoni: kwamba mjenzi wa jengo hili ni Shah Ali Khan, mwana wa Shaikh Auliyar Sultan, na mwaka 962 wa Hijra. Nikageuka. Rafiki yangu alikuwa amebadilika uso. Alikuwa amepita mbele ya jiwe lile tangu utoto wake. "Wewe unasoma haya?" akauliza. Nikamjibu kwamba kwetu mtoto husoma haya kabla hajaijua A. Akanyamaza njia nzima.

Usiku ule, baada ya chai (na Kasimov chai ni samovari, na samovari haimaliziki), ebi aliinuka, akafunga pazia, akaleta kasha la bati la biskuti. Ndani mlikuwa na barua kumi na moja zilizofungwa uzi wa nyavu. Ni za baba yake, aliyekuwa mhudumu wa mkahawa mmoja huko St Petersburg, akafa kwa homa katika mwaka wa 1918. Mama yake hakujua kusoma; barua zilipofika, alikuwa akisomewa na imamu. Ebi mwenyewe alipelekwa kazini badala ya skuli, akaja kujifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya jioni. Lakini kufikia wakati huo Kitatari kilikuwa hakiandikwi tena kwa herufi za Kiarabu. Mwishoni mwa miaka ya ishirini serikali ilileta herufi za Kilatini, na mwaka 1939 ikazitupa hizo nazo ikaleta za Kirusi. Mtu mmoja, umri mmoja, lugha moja, maandishi matatu. Waliokuwa wakizijua zile za kale walikwisha, au walijifunza kutosema kwamba wanazijua. Kwa hiyo barua za baba yake zilikuwa zimekaa ndani ya kasha kwa zaidi ya miaka hamsini, na yeye alikuwa akizifungua na kuzifunga.

Nilimwambia kwamba mimi sijui Kitatari. Akasema: "Wewe nipe sauti, maana nitaitafuta mwenyewe."

Tukakaa chini ya taa. Sijapata kufanya kazi ngumu kama ile. Mwandiko ulikuwa wa haraka, irabu hazikuandikwa ila chache, na lugha yao ina irabu nyingi kuliko yetu. Nilikuwa nikitamka neno, yeye akitikisa kichwa. Nikilitamka tena kwa irabu nyengine. La tatu au la nne ndipo uso wake ulipokunjuka. Mara nyengine nilimtangulia mimi, kwa sababu njiani tulikutana na watu ninaowajua: habari, wakati, dunia, safari, umri, ruhusa, kila mmoja amevaa nguo za kigeni kidogo lakini ni yeye yule. Rafiki yangu alikuwa akiandika kwa herufi za Kirusi kile alichokithibitisha bibi yake. Kwa namna hii, watu watatu tukawa msomaji mmoja, na barua ya kwanza ilituchukua saa mbili.

Ilikuwa na nini? Salamu kwa wazee kwa kufuatana na umri wao. Rubuli kadhaa zilizotumwa kwa mkono wa jirani. Swali kama barafu ya mtoni imeshaondoka. Onyo kwamba nyasi za ng'ombe zisiuzwe rahisi. Ebi alicheka akalia, akasema sauti ya baba yake haikumbuki, lakini ukali wa bei ya nyasi anaujua, kwani ndio wake yeye.

Barua ya pili ilifanana na ya kwanza. Ya tatu ilikuwa ya mwaka 1331, ambao ni 1913, yaani kabla ya yeye kuzaliwa. Katikati yake nilikuta jina la mtoto wa kiume. Baba anauliza kifua chake kimepoa au bado, na anasema amenunua viatu vya ndani vya ngozi, atavileta yeye mwenyewe. Nilitamka lile jina vizuri mara ya kwanza. Lilikuwa jina la Kiarabu, halikunipa taabu. Ebi hakutikisa kichwa wala hakukubali. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema polepole kwamba katika nyumba yao hakukuwa na mtoto wa jina hilo. Alilelewa peke yake. Mama yake alikufa mwaka 1951 na hakupata kumtajia ndugu yeyote.

Akazikusanya barua, akafunga uzi. "Zilizobaki," akasema, "utanisomea ukija tena."

Nikamwahidi kwamba nitakuja majira yajayo ya kiangazi. Majira yajayo niliomba karatasi, nikaikosa. Yaliyofuata nilikuwa na mitihani ya mwisho, na baadaye nikarudi nyumbani, nikaoa, nikasomesha, kisha tukahama kuja huku. Rafiki yangu aliniandikia mwaka 1988 kwamba ebi amefariki. Ningeliweza kuijaribu karatasi ile mara ya pili. Ningeliweza kumwomba anitumie nakala kwa posta. Nilikuwa kijana, na nilidhani kwamba mtu aliyengoja miaka hamsini anaweza kungoja zaidi.

Mwaka 2019 rafiki yangu, ambaye sasa naye ni mstaafu na anakaa Moscow, alinipata kwa simu kupitia mwenzetu mmoja tuliyesoma naye. Tuliulizana afya na wajukuu. Kisha akasema kasha analo yeye. Akazipiga picha barua nane zilizosalia, akanitumia moja baada ya moja. Tatizo ni kwamba yeye Kitatari chake ni cha jikoni tu, na watoto wake hawana hata hicho. Basi tumepata njia. Mimi nasoma barua kwa sauti, kila neno kwa irabu zote ninazoweza kuzidhania, najirekodi kwenye simu. Yeye anaipeleka kwa binti wa mama yake mdogo aliyeko Kazan, mwalimu wa lugha. Naye anarudisha maana. Barua moja inatuchukua miezi. Mke wangu anasema nikiwa chumbani nasikika kama mtoto wa chuoni anayejifunza herufi, na hakosei.

Tumemaliza tano kati ya nane. Katika ya nne baba anaandika kwamba khabari imemfikia mkahawani, na kwamba bwana wake hakumpa ruhusa ya kusafiri. Katika ya tano anamwagiza mkewe asiweke mti juu ya kaburi bali jiwe, atume kwa mchongaji, fedha ataleta mwenye kuja baada ya Idi, na anataja makaburi ya Staro-Posad, nje ya mji, upande wa ukuta wa kaburi la kale. Makaburi hayo yapo. Humo lilimo jengo la kaburi la mwana wa mfalme Afghan Muhammad, la mwaka 1649, na kandoni mwake mawe mengi ya Waislamu, mengine yamezama ardhini yakaacha ncha tu.

Rafiki yangu alikwenda msimu wa kiangazi uliopita. Aliondoa majani kwenye mawe ya upande huo na akanitumia picha za kila jiwe lenye maandishi. Ni thelathini na saba. Nimeshasoma kumi na tisa. Jina lile bado sijaliona.

Wassalaam.